Mapishi, Miiko na Maneno: Desturi za Mlo Miongoni mwa Waserbia

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akifunua orodha ya vyakula na vyombo vya jikoni vya Waserbia, taifa la Kislavi lililoko katika rasi ya Balkani, atakutana na maneno ambayo sikio lake linayatambua nusu. Bamija ni bamia. Pilav ni pilau, kafa ni kahawa, šećer ni sukari. Chombo kiitwacho sahan si kingine ila sahani, na kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono huitwa fildžan, yaani finjani. Hata ile meza ya kale ya duara, fupi hata wanaoila hukaa karibu na sakafu, iliitwa sinija, nduguye sinia.

Undugu huu haukutokana na Waserbia kukutana na Waswahili. Maneno hayo yana asili katika Kiarabu na Kiajemi. Mkondo mmoja ulipita Uturuki ukaingia Balkani, mwingine ukavuka bahari na majahazi ukafika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa mwanaisimu, huu ni mfano mzuri wa namna jikoni lilivyo mlango ambao lugha haiufungi. Hata hivyo, unazua swali zito zaidi ya lile la ukopaji wa msamiati. Ikiwa majina yameazimwa, na mengi ya mapishi yenyewe hupikwa pia na majirani, ni kitu gani hasa kinachofanya chakula hicho kiwe cha Waserbia? Makala haya yanashikilia kwamba jibu halimo chunguni. Limo katika kanuni za mlo: chakula huliwa siku gani, pamoja na nani, na kwa ajili ya nani.

Chungu chenye tabaka

Waslavi waliingia Balkani katika karne ya 6 na ya 7. Wale waliokuja kuitwa Waserbia walipokea Ukristo wa Mashariki, na mwaka wa 1219 kanisa lao likapata mamlaka ya kujiendesha chini ya askofu mkuu Sava. Mwaka wa 1459 ngome ya Smederevo ilianguka mikononi mwa Waturuki wa Osmani. Belgrade ikafuata mwaka wa 1521. Uhuru kamili wa Serbia haukutambuliwa na mataifa makubwa mpaka mwaka wa 1878. Kwa upande wa kaskazini, eneo la Vojvodina lilikaa chini ya watawala wa Austria hadi mwaka wa 1918.

Historia hii yote inaweza kuonjwa katika bakuli la mchuzi. Kiserbia kina maneno mawili ya supu, na mpishi yeyote hakubali yachanganywe. Supu nyepesi, iliyo wazi kama maji ya nyama yaliyochujwa, ni supa, neno la Kijerumani lililoshuka kutoka kaskazini. Supu nzito yenye mboga na vipande vya nyama au samaki ni čorba, neno la Kituruki lililopanda kutoka kusini. Dola mbili zilizopigana kwa karne nyingi zimegawana hapo kijiko kimoja.

Tabaka la Kituruki ndilo lenye maneno mengi zaidi. Ćevap ni kababu, ila ya Waserbia hutengenezwa kwa nyama ya kusaga iliyofinyangwa mfano wa vidole na kuchomwa juu ya makaa. Mji wa Leskovac, kusini mwa nchi, umejipatia sifa kwa uchomaji huo. Sarma, chakula kisichokosekana katika sherehe za majira ya baridi, hutokana na kitenzi cha Kituruki chenye maana ya kuviringisha: nyama ya kusaga na mchele huviringishwa ndani ya majani ya kabichi iliyochachushwa, kisha huachwa kwenye moto mdogo kwa saa kadhaa. Kamusi ya Abdulah Škaljić iliyochapishwa Sarajevo mwaka wa 1966, ambayo inakusanya maneno yenye asili ya Kituruki katika lugha iliyoitwa Kiserbokroasia, ina zaidi ya maneno 8,000. Sehemu kubwa si ya jikoni, lakini jikoni ndiko ambako hakuna anayeyaona kuwa mageni.

Mtu asidhani kwamba wenyeji hawakuwa na chao. Majina ya vitu vya msingi, yaani chumvi, maziwa, nyama, samaki na asali, ni ya Kislavi tangu awali. Kadhalika, lugha iliyokopa imekopesha pia. Neno paprika, ambalo sasa liko katika vitabu vya mapishi vya dunia nzima, ni neno la udogo lililotokana na papar, pilipili manga, katika lugha ya Waslavi wa Kusini. Wahungari wakalichukua na kulisambaza.

Pilipili yenyewe, bila shaka, haikuwako Balkani kabla ya safari za Wahispania kwenda Marekani. Vivyo hivyo mahindi, maharagwe, viazi na nyanya. Maana yake ni kwamba vingi vya vyakula vinavyosemekana kuwa vya mababu visingeweza kupikwa na mababu wa karne ya 14. Kačamak ni mfano wa karibu kwa msomaji wa Kenya. Unga wa mahindi hukorogwa katika maji yanayochemka mpaka ukaze. Mkenya angeuita ugali bila kusita. Mserbia huula pamoja na jibini na kajmak, malai ya maziwa yaliyochemshwa na kuachwa yapoe katika vyombo vipana, kisha utando wake huenguliwa na kupangwa tabaka juu ya tabaka kwa chumvi ndani ya chombo cha mti. Kajmak change ni laini na tamu, na ile iliyokaa ni ya manjano na ina ukali. Nacho kipande cha nyama kilichoviringishwa kwa kajmak na kukaangwa, chenye jina la Karađorđe, kiongozi wa uasi wa mwaka wa 1804, kilibuniwa na mpishi wa Belgrade katika miaka ya 1950. Jina la kale si ushahidi wa umri.

Siku za kula na siku za kujizuia

Mgawanyo unaotawala meza ya Mserbia wa Kanisa la Othodoksi si ule wa asubuhi na jioni. Ni ule wa vitu viwili: mrsno, chakula chenye nyama, maziwa, mayai au mafuta ya mnyama, na posno, chakula cha mfungo kisicho na vitu hivyo. Jumatano na Ijumaa ni siku za mfungo takriban mwaka mzima. Juu ya hizo ipo mifungo minne mirefu: Kwaresima kabla ya Pasaka, ule wa Mitume, ule wa Mama wa Mungu mwezi Agosti, na ule wa Krismasi unaoanza tarehe 28 Novemba na kumalizika tarehe 6 Januari, kwa kuwa kanisa hilo hufuata kalenda ya zamani iliyo nyuma kwa siku 13.

Ndani ya mfungo zipo daraja. Kuna siku ambazo chakula hupikwa kwa maji matupu, siku ambazo mafuta ya mimea huruhusiwa, na siku ambazo hata samaki huruhusiwa. Miiko hii, inayoonekana kumnyima mpishi, ndiyo iliyomfundisha ufundi. Prebranac ni maharagwe yaliyochemshwa, yakachanganywa na vitunguu vingi vilivyokaangwa taratibu na paprika, kisha yakaokwa mpaka juu yake pafanye ukoko. Hayana tone la mafuta ya mnyama, nayo huombwa hata na watu wasiofunga. Kuna pia sarma ya mfungo, ambamo mahali pa nyama huwekwa mchele na jozi, zile kokwa zenye kiini cha mafuta. Maduka na viwanda vya mikate navyo huandika neno posno juu ya biskuti na vitobosha ili mnunuzi asipotee.

Si kila Mserbia anayeshika mifungo yote. Wengi hawaishiki. Lakini iko siku moja katika mwaka ambayo hata mlegevu huangalia kalenda kabla ya kuwasha jiko.

Slava: mtakatifu wa nyumba

Siku hiyo ni slava, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa familia. Waserbia wengi huadhimisha siku za kuzaliwa kama watu wengine, lakini slava si ya mtu mmoja. Ni ya nyumba. Baba humrithisha mwana, na mwana mwanawe, hata familia mbili zenye majina tofauti zikikutana na mtakatifu mmoja huulizana kama hazikutoka katika shina moja. Wengi husherehekea Mtakatifu Nikola tarehe 19 Desemba, na mzaha wa kawaida ni kwamba siku hiyo nusu ya Serbia iko nyumbani ikipokea wageni na nusu iko njiani ikienda kula. Wengine wana Mtakatifu Georgi tarehe 6 Mei, malaika mkuu Mikaeli tarehe 21 Novemba, au Yohana Mbatizaji tarehe 20 Januari.

Vitu vinne havina budi kuwepo: mshumaa, divai nyekundu, mkate uitwao slavski kolač, na ngano iliyopikwa, žito. Siku chache kabla, kasisi hufika nyumbani kubariki maji, na maji hayo huingia katika unga wa mkate. Juu ya kolač mama wa nyumba hupanga mapambo ya unga: msalaba, njiwa, kishada cha zabibu, pipa la divai. Siku yenyewe mkate hukatwa alama ya msalaba kwa upande wa chini, humiminiwa divai, huzungushwa na mikono ya wote waliopo, kisha huvunjwa. Ngano nayo huchemshwa, husagwa pamoja na jozi na sukari, na huwekwa karibu na mlango wa sebule pamoja na vijiko. Kila mgeni aingiaye hufanya ishara ya msalaba, hula kijiko kimoja akiwa amesimama, na hutia kijiko chake katika bilauri. Ndipo anapokaa.

Ngano hiyo ina mjadala wake. Chakula chicho hicho hupikwa katika kuwakumbuka wafu, na kwa sababu hiyo watu wengi hawakipiki katika slava ya malaika mkuu Mikaeli wala ya nabii Eliya, wakisema hao wako hai: mmoja ni malaika, na mwingine alipaa mbinguni bila kuonja mauti. Kanisa limeifafanua ngano kuwa ishara ya ufufuo na ukumbusho wa waliotangulia katika ukoo, si sadaka kwa ajili ya kifo cha mtakatifu, na limewataka waumini waipike siku zote. Nyumba nyingi hazijabadilika. Hapa mapokeo ya watu na mafundisho ya dini yamekaa katika bakuli moja bila kuelewana, jambo ambalo mtafiti wa fasihi simulizi hatalionea ajabu.

Mlo unaofuata hutegemea siku. Slava ikiangukia katika mfungo, kama ilivyo daima kwa Mtakatifu Nikola, meza huwa ya samaki, maharagwe na keki zisizo na mayai wala siagi. Isipokuwa ya mfungo, huja supu, sarma, nyama ya kuokwa ya nguruwe au ya mwanakondoo, na keki ndogo ndogo ambazo akina mama huanza kuzitengeneza siku kadhaa kabla. Kwa mapokeo, mwenye nyumba haketi. Huwahudumia wageni akiwa amesimama, hata kama miongoni mwao yumo aliye mdogo kwake kwa umri. Na wageni hawaalikwi. Atakayekuja anajua siku, na aliyekwisha kufika mara moja anatarajiwa mwaka ujao. Asiyetokea bila sababu amesema jambo.

Chakula cha walio hai na cha wafu

Uhusiano wa chakula na wafu hauishii katika ngano. Kuna Jumamosi maalumu katika mwaka, zadušnice, ambazo familia hupeleka makaburini žito, mkate, mayai na kinywaji, na hupeana vyakula hivyo kwa ajili ya roho za marehemu. Baada ya maziko, na tena siku ya 40, nusu mwaka na mwaka mmoja, hufanywa mlo uitwao daća. Mnywaji humwaga matone machache chini kwa ajili ya aliyekufa, na bilauri hazigonganishwi. Mgeni asiyejua akaigonganisha yake huwa amegeuza kilio kuwa karamu.

Krismasi, tarehe 7 Januari, ina mwelekeo mwingine. Usiku wa kuamkia, mlo bado ni wa mfungo: samaki, maharagwe, matunda makavu. Majani makavu hutandazwa sakafuni kukumbuka zizi la Bethlehemu, na jozi hutupwa katika pembe nne za chumba. Asubuhi yake huvunjwa česnica, mkate uliofichwa sarafu ndani. Atakayeipata amepata bahati ya mwaka. Katika Vojvodina česnica aghalabu si mkate kamwe. Hutengenezwa kwa tabaka za unga mwembamba, jozi na zabibu kavu, mfano wa baklava.

Mgeni na ghala

Nje ya sikukuu, heshima ya nyumba hupimwa kwa namna inavyompokea abishaye hodi. Ada ya zamani ni slatko: matunda mazima, kama stroberi au plamu, yaliyopikwa katika shira nzito. Mgeni huletewa bakuli, kijiko na bilauri ya maji. Huchota mara moja tu, hunywa maji, ndipo kahawa ifuate. Kahawa yenyewe hupikwa katika chombo chenye mpini mrefu kiitwacho džezva, na kutokana nayo watu wamejitungia istilahi za mzaha. Ya kwanza ni dočekuša, ya kumpokea mgeni. Ya pili ni razgovoruša, ya mazungumzo. Ya mwisho huitwa sikteruša, nayo ina mzizi katika tusi la Kituruki la kumfukuza mtu. Mgeni akiiona anajua amekaa vya kutosha. Waswahili humpa mgeni jembe siku ya tatu. Waserbia humpa kikombe, na mapema zaidi.

Ukarimu huo hauwezekani bila ghala. Majira ya vuli ni msimu wa zimnica, akiba ya kipupwe. Kazi yake kuu ni ajvar: pilipili nyekundu tamu huchomwa kwa magunia, humenywa moja moja, husagwa, kisha hukaangwa kwa moto mdogo huku mtu akikoroga kwa mwiko saa baada ya saa bila kuondoka. Jina lake, jambo la kuchekesha, limetokana na neno la Kituruki la mayai ya samaki. Kabichi nazo hutiwa nzima katika mapipa ya maji ya chumvi mpaka zichachuke, na mapipa hayo huonekana hata katika roshani za majumba ya ghorofa. Majira hayo hayo ndiyo ya kukeneka šljivovica, pombe kali ya plamu, ambayo wengi huikeneka mara mbili ili iwe safi. Huonjwa kwa kiasi katika kuzaliwa, kuoa na kuzika. Waserbia si wote Waothodoksi, wala wananchi wa Serbia si wote Waserbia. Katika mji wa Novi Pazar, kwenye Waislamu wengi, kababu ni ya ng'ombe na nguruwe haingii jikoni.

Nani mwenye chakula?

Swali la utangulizi limekuwa la kisiasa. Kahawa hiyo hiyo huitwa ya Kituruki na baadhi ya Waserbia, ya nyumbani na wengine, na kuna mikahawa inayoiandika kuwa ya Kiserbia. Mwaka wa 2013 UNESCO iliuingiza utamaduni wa kahawa ya Kituruki katika orodha ya urithi usioshikika kwa ombi la Uturuki. Serbia ilipopata nafasi yake ya kwanza katika orodha hiyo, mwaka wa 2014, haikuingia na sarma wala ćevap. Iliingia na slava. Mwaka wa 2022 ilifuata šljivovica, lakini kilichoandikwa si kinywaji, bali maarifa na desturi za kijamii za kukitengeneza na kukitumia. Huenda hili ni suala la taratibu za UNESCO tu. Lakini linaafiki ukweli: mapishi ya majirani yanafanana mno kugombaniwa, ilhali slava ndiyo wanayoiona Waserbia kuwa alama yao.

Nayo slava imepita katika majaribu. Baada ya mwaka wa 1945, chini ya serikali ya kikomunisti ya Yugoslavia, wanachama wa chama hawakutazamiwa kuonekana wakikata kolač. Wengine waliacha. Wengine walifunga mapazia, wakawaita wageni kwa jina la karamu ya kawaida, na mama au bibi akawasha mshumaa chumba cha ndani. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 sherehe imerudi hadharani, hata kupita mipaka ya familia: mji wa Belgrade una slava yake siku ya Kupaa, na shule huadhimisha Mtakatifu Sava tarehe 27 Januari.

Jaribu la sasa ni la namna nyingine, na halikutoka serikalini. Kwa desturi, mwana anapoanzisha makao yake hupokea kutoka kwa baba kipande cha mkate wa slava, naye huendelea nayo. Binti huingia katika slava ya mumewe. Pasipo mwana, mkwe aliyehamia katika nyumba ya wakweze aliweza kuichukua slava yao pamoja na ardhi yao. Kanuni hii ilifaa pale ambapo slava, shamba na paa vilikwenda pamoja. Familia yenye mabinti wawili, mmoja akiishi Vienna na mwingine katika nyumba ya kupanga Belgrade, haina ardhi ya kumvutia mkwe. Baadhi ya mabinti wameamua kuwasha mishumaa miwili kwa mwaka, wa mume na wa baba, wakipika ngano mara mbili.